Deni la Baba Watoto: Tuhesabu Kwanza, Sahihi Baadaye

Jumamosi moja, saa nane mchana, zamu ya asubuhi ilipokwisha kutoka, mama mmoja alifika katika ofisi ya tawi letu. Yeye ni mfanyakazi wa palizi katika mashamba ya miwa, na bwana wake yuko kiwandani, idara ya boila. Mikono yake ilikuwa bado na udongo. Alifungua fundo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele yetu. Akasema: "Ndugu Katibu, nimeambiwa nitie sahihi hapa. Nitie au nisitie?"

Tuliisoma karatasi ile. Imepigwa chapa kwa Kiingereza, lugha ambayo mama yule haisomi. Ilisema kwamba nusu eka ya shamba lao, pamoja na nyumba ya vyumba viwili iliyomo, imeuzwa kwa mkopeshaji mmoja wa pale senta kwa shilingi 1,500,000/-. Chini yake palikuwa na sahihi ya bwana. Pembeni palikuwa na mstari mtupu, ukingoja sahihi ya mke.

Kila mtu wa senta ile ajua kwamba nusu eka yenye nyumba haiuzwi kwa pesa hizo. Hiyo haikuwa bei ya shamba. Ilikuwa ni deni lililovalishwa nguo ya bei.

Tulimwambia: "Mama, kalamu iweke chini kwanza." Akakaa. Akatuambia kwamba mpaka Alhamisi ya juma lile alikuwa hajui kwamba katika nyumba yake kuna deni lolote.

Ndugu wasomaji, tumeomba ruhusa ya mama huyu na bwana wake tuandike habari zao bila kutaja majina. Wamekubali, maana wanajua hawako peke yao. Siku ya mshahara, simameni karibu na mashine ya benki mtazame. Mtaona wafanyakazi wamepanga mstari, na katikati ya mstari mtu mmoja ana kadi kumi zilizofungwa kwa mpira. Huyo si mfanyakazi. Ni mkopeshaji aliyekuja kupokea mishahara ya watu kumi. Wazee wetu waliokwenda kufanya kazi Kenya wakati wa mkoloni walivaa kipande shingoni, na aliyekishika kipande alimshika mtu. Leo mtu hukishika kipande chake mwenyewe, akakipeleka kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri.

DENI LILIANZAJE

Jumapili tulimwita bwana yule. Alikuja, lakini alikaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka. Sisi hatukumwita kumhukumu, nasi tulimwambia hivyo. Baada ya chai ya pili alianza kusema.

Mwaka 2024 alikopa katika SACCO ya wafanyakazi ili anunue pikipiki ya boda boda. Alimpa mpwa wake aendeshe. Miezi michache baadaye pikipiki iliibiwa usiku kwenye barabara kuu. Mkopo ulibaki, pikipiki haiko. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mama yake mzazi alilazwa hospitali, na juma lile lile watoto watatu wakatakiwa karo. SACCO haikuweza kumpa mkopo wa pili juu ya wa kwanza. Ndipo akaenda kwa mkopeshaji wa senta, akapewa shilingi 1,500,000/-. Riba ni asilimia 15 kwa mwezi. Dhamana ni kadi ya benki na namba ya siri.

Tangu siku ile, kila mwezi mkopeshaji alitoa shilingi 225,000/- katika mshahara wa bwana yule. Katika shilingi 480,000/- anazopata mkononi baada ya makato yote, zilibaki 255,000/-. Mke wake angeona upungufu. Kwa hiyo alianza kukopa kwa simu ili kuuziba. Mkopo wa simu moja aliulipa kwa mkopo wa simu nyingine. Mwisho akaanza kubeti mpira, akitumaini kwamba Jumamosi moja itayamaliza yote.

"Nilitaka nirudishe yote kabla Mama Watoto hajajua," alisema.

Mama akamjibu kwa sauti ya chini: "Baba Watoto, miezi 10 ulikuwa ukinipa pesa za kukopa, ukisema ni mshahara. Nami nilikuwa nikikushukuru."

Hakuna mtu aliyesema neno kwa muda. Sisi tunaoandika haya tumekaa katika mikutano mingi na matajiri, tumeona watu wakigonga meza na kutukanana, lakini maneno yale yalitushinda. Twakubali pia kwamba baadhi yetu tulitazama chini kwa sababu nyumbani kwetu nako kumewahi kuwa na kitabu cha duka kilichofichwa juu ya kabati.

HESABU JUU YA MEZA

Tulichukua daftari la shule, tukaandika madeni yote. Bwana alitaja moja baada ya moja. Kila alipotaja, tulimwuliza: "Liko lingine?" Mara mbili alisema halipo, na mara mbili lingine likatokea. Mara ya tatu lilikuwa halipo kweli.

Mkopeshaji wa senta: 1,500,000/-.
SACCO ya wafanyakazi: 900,000/-.
Mikopo ya simu, mitatu pamoja na adhabu zake: 640,000/-.
Mwenzake wa kazini: 300,000/-.
Duka: 180,000/-.
Jumla: 3,520,000/-.

Hiyo ni mishahara yake ya zaidi ya miezi 7. Mama alipoiona jumla alishika kichwa. Lakini baada ya kitambo alisema neno moja ambalo twapenda kila mfanyakazi alisikie: "Afadhali hii niliyoiona. Tangu Alhamisi nilikuwa naogopa deni lisilo na mwisho. Hili lina mwisho, limeandikwa."

Kisha tukaandika ukurasa wa pili: lipi lina riba kali, na lipi halina. Lipi lina wadhamini, na lipi ni la mtu mwenyewe. SACCO ilikuwa inakata shilingi 75,000/- kila mwezi katika mshahara, hivyo itakwisha kwa miezi 12, wala haina haraka. Mwenzake wa kazini hakudai riba. Duka halikudai riba. Moto wenyewe ulikuwa katika sehemu mbili: kwa mkopeshaji na katika simu.

SHERIA YASEMA NINI

Hapa ndipo wengi wetu hushindwa, maana twafikiri kwamba aliyetoa pesa ndiye mwenye sheria. Sivyo.

Uganda ina sheria ya mwaka 2016 inayohusu taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji. Kwa sheria hiyo, mtu hawezi kufanya biashara ya kukopesha bila leseni. Mkopeshaji haruhusiwi kuchukua kadi ya benki wala kitambulisho cha taifa kuwa dhamana. Na mwishoni mwa mwaka 2024 Waziri wa Fedha alitangaza kiwango cha juu cha riba ya wakopeshaji: asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani asilimia 33.6 kwa mwaka.

Basi tulihesabu upya. Kwa asilimia 2.8, riba ya mwezi wa kwanza ya shilingi 1,500,000/- ni shilingi 42,000/-, si 225,000/-. Bwana yule alikuwa amekwisha kulipa shilingi 225,000/- mara 10, jumla 2,250,000/-. Mkopeshaji alisema hiyo yote ni riba, na deni lenyewe halijaguswa. Lakini kama malipo yale yale yangehesabiwa kwa riba ya sheria, kila mwezi sehemu kubwa ingepunguza deni. Tulipiga hesabu mwezi kwa mwezi. Mwezi wa saba lingebaki deni la shilingi 106,231/- tu, na mwezi wa nane lingekwisha. Jumla ya kulipa ingekuwa 1,684,206/-. Kwa hiyo alikuwa amelipa shilingi 565,794/- zaidi, na bado anatakiwa atoe shamba!

Na shamba nalo lina sheria yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na mabadiliko yake ya mwaka 2004, inasema kwamba ardhi ya familia, ambayo familia inakaa juu yake au inapata riziki kwake, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mke na mume kukubaliana. Nusu eka ile ndiyo inayotoa muhogo na ndizi za nyumba ile, na bibi na watoto wawili wanakaa hapo. Kwa sababu hiyo ndiyo karatasi ile ilikuwa na mstari mtupu. Mkopeshaji aliijua sheria kuliko sisi. Alijua kwamba bila sahihi ya mama yule hana kitu mkononi.

Tena yafaa kujua kwamba deni la kawaida ni jambo la madai, si la jinai. Mtu akija na askari kudai pesa zake, askari huyo si korti. Madai madogo yasiyozidi shilingi 10,000,000/- yanaweza kusikilizwa katika korti ya hakimu kwa njia ya madai madogo, bila kuajiri wakili.

NJIA ZILIZOKUWA MBELE YAO

Tuliwaambia wataje njia zote wanazozifikiria, hata zile wanazoona haya kuzitaja. Walizitaja, tukazipima moja moja.

Ya kwanza: kutia sahihi, shamba liende. Njia hii inamaliza deni moja tu kati ya matano, tena deni ambalo kwa hesabu ya sheria limekwisha kulipwa. Baada ya hapo bibi na watoto watahamia wapi? Katika chumba kimoja cha kampi, nacho ni cha kampuni, na siku kazi itakapokwisha chumba nacho kimekwisha.

Ya pili: kukopa kwingine ili kulipa huku. Ndugu zetu, kukopa mahali penye riba ndogo ili kumaliza penye riba kubwa si kosa, ikiwa umekwisha kuziba tundu. Lakini bwana yule alikuwa bado anabeti. Kumpa mkopo mpya wakati ule kungekuwa kujaza maji katika pipa lililotoboka.

Ya tatu: kutoroka. Bwana alikiri kwamba alikuwa ameuliza nauli ya kwenda Juba. Tulimwuliza: "Na wadhamini wako wawili wa SACCO?" Ni wenzake wa boila, mmoja ana watoto sita. Yeye akikimbia, wao ndio watakaokatwa. Alisema hakuwa amelifikiria hilo. Twaamini kwamba alikuwa amelifikiria, na ndiyo maana hakwenda.

Ya nne: mama kurudi kwao. Kaka zake walikuwa wamekwisha kumwambia afunge mizigo. Hapa sisi wa chama hatuna amri, maana hatufungi ndoa wala hatuvunji. Tulimweleza jambo moja tu la kumpa uhuru wa kufikiri: kwa kawaida deni ni la aliyetia sahihi, pamoja na mdhamini wake kama yupo. Mke hadaiwi deni la mumewe kwa sababu tu ni mke. Mshahara wake wa palizi, shilingi 210,000/-, ni wake. Ikiwa mume anapiga, au anaendelea kuficha, hilo ni jambo jingine, na kuna mawakili wanawake wa FIDA wanaosaidia akina mama wasio na uwezo. Mama alisema: "Hajanipiga hata siku moja. Amenidanganya. Nataka kuona kama anaweza kuacha."

Ya tano: akiba ya uzeeni. Tangu sheria ya NSSF ilipobadilishwa mwaka 2022, mwanachama aliyefika miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 aweza kuchukua sehemu isiyozidi asilimia 20 ya akiba yake. Bwana yule ana miaka 46 na amechangia miaka 19. Akiba yake ni kama shilingi 11,000,000/-, kwa hiyo angeweza kupata 2,200,000/-. Hii ni haki yake, wala hatumkatazi mtu haki yake. Lakini akiba hiyo ndiyo asilimia 5 aliyokatwa yeye na asilimia 10 aliyotoa tajiri, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka 19. Kuitoa ili kumpa mkopeshaji riba ambayo sheria imeikataza ni kumlisha fisi mbuzi wa mwisho. Tulishauri njia hii iwe ya mwisho, kama nyingine zote zimeshindwa.

Ya sita: kukata mrija kwanza, kisha kulipa kila mtu kwa zamu kutoka katika mshahara ule ule.

WALIVYOAMUA

Walichagua ya sita, wao wenyewe, baada ya kwenda nyumbani na kulala juu ya maneno yale.

Jumatatu bwana alipewa ruhusa kazini kwa msaada wa mwakilishi wa idara yake. Alikwenda benki na kitambulisho chake, akaomba kadi ya zamani ifungwe, akapewa nyingine na namba mpya. Siku ile ile tulimwandikia mkopeshaji barua, tukampelekea mbele ya mashahidi wawili, kumweleza kwamba kadi imefungwa na kwamba twataka kukaa naye kwa hesabu. Hatukufanya kwa siri, maana jambo la siri ndilo lililotufikisha hapa.

Tulikutana chini ya mwembe wa mwenyekiti wa LC. Mkopeshaji alikuja na kelele. Ni kijana ambaye zamani alikuwa akipakia miwa kwenye trela, naye pesa zake nyingine amezikopa mjini. Tulipomwomba leseni, alisema iko Kampala. Tulipomwonyesha hesabu ya asilimia 2.8, alisema hiyo ni hesabu ya vitabuni. Mwenyekiti akamwambia: "Kijana, na karatasi hii uliyoileta, si ya vitabuni?" Watu wakacheka, na tangu hapo alipunguza sauti.

Kwa hesabu ya sheria alikuwa hadai kitu. Sisi tulitaka asipewe hata senti, na ikibidi twende korti. Lakini mama alitukatiza. Alisema: "Ndugu Katibu, nyinyi mtarudi ofisini. Sisi tutabaki naye hapa senta, na watoto wetu wanapita mlangoni pake kwenda shule." Akapendekeza mkopeshaji apewe shilingi 300,000/- za mwisho, kwa miezi miwili, na karatasi zote zirudishwe. Baada ya mabishano mkopeshaji alikubali. Yakaandikwa kwa lugha ambayo wote waliielewa, mashahidi wakatia sahihi, mwenyekiti akapiga mhuri.

Hatukufurahi sana. Mpaka leo baadhi yetu tunasema kwamba 300,000/- zile hazikuwa haki. Lakini haki ilikuwa ya mama yule kuitumia, naye aliitumia kununua amani. Tumejifunza kwamba mwandalizi wa chama kazi yake ni kumwonyesha mtu njia zote na bei zake. Kuchagua ni kwa yule atakayelala katika nyumba hiyo.

Sasa tazameni hesabu ilivyogeuka. Deni la mkopeshaji lilishuka toka 1,500,000/- hadi 300,000/-. Ukiongeza simu, mwenzake na duka, jumla ni 1,420,000/-. SACCO inaendelea kukatwa yenyewe. Zile shilingi 225,000/- alizokuwa akichukua mkopeshaji kila mwezi sasa zimerudi nyumbani. Zikitumika zote kulipa madeni, yote manne yanakwisha mwezi wa saba, na mwezi huo zinabaki shilingi 155,000/-. Ikiwa adhabu za simu zitaongezeka kidogo, upo mwezi wa nane. Na nyumba inaendelea kula kama ilivyokuwa ikila, bila kupunguza hata kilo moja ya posho. Pesa za kulipia deni zilikuwamo katika mshahara siku zote. Zilikuwa zinapita katika mfuko mwingine.

Zamu waliipanga hivi. Miezi miwili ya kwanza mkopeshaji apate 150,000/- na simu 75,000/-. Miezi ya tatu na ya nne zote ziende kwa simu, kuanzia mkopo mdogo, maana ndizo zinazokua kwa adhabu. Mwezi wa tano simu zimalizike na duka lilipwe. Mwenzake wa kazini awe wa mwisho, kwa kuwa yeye mwenyewe alisema anaweza kungoja.

Siku ya mshahara wanakwenda benki wawili. Bwana ashika kadi, mama ashika daftari. Kuhusu kubeti, hatutawadanganya kwamba kuliisha siku moja. Mwezi wa pili alibeti shilingi 10,000/-, zikaenda. Lakini jioni ile ile alimwambia mkewe, na mama akaziandika katika daftari pamoja na chumvi na sabuni. Zamani angezificha.

MAMBO YA KUSHIKA

Ndugu wafanyakazi, katika habari hii twawaomba mshike mambo haya.

Kwanza, mkigundua deni la mwenzenu nyumbani, msianze na hasira wala kalamu. Anzeni na daftari. Yaandikwe madeni yote, kila moja na riba yake. Ulizeni "liko lingine?" zaidi ya mara moja.

Pili, usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoisoma. Mwambie mwenye karatasi kwamba utajibu kesho. Mwenye haki atangoja mpaka kesho. Asiyeweza kungoja ndiye wa kuogopa.

Tatu, kadi na namba ya siri si dhamana. Wala kitambulisho. Aliyekwisha kutoa afike ofisi ya tawi, aje na mwenzake wa nyumbani.

Nne, wewe unayeficha, kila mwezi unaoficha una bei. Kwa ndugu yetu wa boila bei ilikuwa shilingi 225,000/-. Angesema mwezi wa kwanza, tungefungua daftari lile lile chini ya mwembe ule ule.

Tano, mdhamini ni ndugu. Kabla ya kukimbia, hesabu wangapi watakatwa kwa ajili yako.

NENO LA MWISHO KUHUSU MSHAHARA

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya nyumbani, chama chahusikaje? Twajibu: mshahara ukitoka kwa tajiri na kuingia mfukoni mwa mkopeshaji kabla haujafika kwa mfanyakazi, basi tulipigania nyongeza kwa ajili ya nani?

Tena tusisahau deni hili lilianza na nini. Lilianza na hospitali ya mama mzee na karo za watoto. Katika nchi hii mshahara wa chini uliowekwa na sheria mwaka 1984 ni shilingi 6,000/- kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa mshahara wa chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo kinachotulinda ni mkataba wa pamoja kati ya chama na tajiri. Katika mazungumzo yajayo tumeazimia kudai mambo mawili juu ya nyongeza: kampuni itoe mkopo mdogo wa dharura usio na riba kwa ugonjwa na karo, na SACCO ipewe nguvu ili mwanachama asifike kwa mkopeshaji. Wenye maoni wayalete kwa wawakilishi wa idara zao.

Ile karatasi ya Kiingereza mama alikabidhiwa pamoja na nyingine. Hakuichana. Ameikunja ndani ya daftari la hesabu, na mstari wake bado ni mtupu. Anasema ataitoa siku binti yake mkubwa atakapoolewa, amweleze.

UMOJA NI NGUVU.